Mjomba Spana Anajibu: Mke Amegoma Kushika Pikipiki

Swali: Mjomba, nina Yamaha R3 ya mtumba, haina dabo stendi. Nikitaka kupaka cheni oili, mke wangu huivuta iegemee stendi ya pembeni ili tairi la nyuma lining'inie, mimi nazungusha. Tukichoka tunaipandisha juu ya kreti ya soda. Juzi amesema hashiki tena. Nimbembelezeje? — Cheni Kavu, Tabata.

Jibu: Mpwa wangu, usimbembeleze, ana haki. R3 ikijazwa mafuta ina kilo 169 hivi, na hiyo ni kazi ya chuma, si ya mke wa mtu. Ubaya zaidi ni kwamba hata akishika, kazi haikamiliki. Cheni hailegei sawasawa: ina mahali palipolegea na mahali palipokaza. Ukiipima sehemu moja ikawa ndiyo ile iliyolegea, ukaikaza hapo, pale palipokaza patavutwa kupita kiasi, na watakaoumia ni beringi na sproketi. Ili upajue lazima uzungushe tairi polepole mpaka cheni yote ipite, ukipima hapa na pale, na hilo haliwezekani mwenzio akiwa ameuma meno anasubiri useme basi. Kwa hiyo stendi ya nyuma, ile ya kuinulia tairi hilo, si pambo la wenye pesa. Ni sehemu ya kipimo. Utasema mbona mwenye Boxer hanunui. Boxer imetoka kiwandani na dabo stendi, na mwenyewe akiniuliza nitamwambia pesa hiyo anunulie cheni mpya.

Utasema pia kreti ni ya bure. Lakini kreti huibeba pikipiki kwa tumbo, penye ekzosi na sehemu ya oili, navyo havikuundwa kubeba mzigo. Stendi hubeba ule mkono wa chuma ulioshika ekseli ya nyuma. Ziko za mipira inayokaa chini ya mkono, na ziko za kulabu zinazoshika vigurudumu vidogo vilivyofungwa ubavuni mwake. Chukua za kulabu, maana mpira ukiguswa na oili huteleza. Kufungia vigurudumu hivyo, Yamaha nyingi huchukua skrubu za M6, Honda na Suzuki nyingi M8. Pima kabla hujalipa. (Mwenye Ducati 916, yenye mkono upande mmoja tu, aya hii haimhusu: stendi yake huchomekwa ndani ya ekseli.) Fundi wa kuchomelea akikutengenezea ya bomba, sina ugomvi, mradi miguu iwe mipana na apime upana wa mkono wa pikipiki yako, asikadirie kwa macho.

Pingamizi moja nalikubali: ukiipandisha pikipiki peke yako inaweza kukuangukia upande wa kulia. Tafuta sakafu iliyo sawa, nyoosha usukani, acha stendi ya pembeni chini. Mkono wako wa kushoto uisimamishe pikipiki wima, wa kulia ukandamize stendi ya nyuma. Tairi likishapanda gia haizuii tena kitu, kwa hiyo funga breki ya mbele kwa kipande cha tyubu. Na injini izimwe: anayesafisha cheni huku injini inaizungusha anachezea vidole vyake. Mara mbili tatu za mwanzo utahitaji mtu wa kusimama upande ule wa kulia. Muombe mkeo kwa adabu, dakika moja tu, na kreti irudishe dukani. Ina amana ya watu.