Mbuzi Hajui Kuotea

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, mpaka moyo uende mbio. Kipimo kingekuwa jasho, Garissa ingeongoza dunia bila mtu kuinuka mkekani. Lakini wanaodhani kwamba familia zetu hukaa tu kwa uvivu, na kwamba dawa yake ni uwanja mkubwa wenye jukwaa la wageni waheshimiwa, hawajatazama saa. Ikweta imepita kaskazini kidogo ya mji, kwa hiyo jua letu huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, liwe la kiangazi au la masika. Baina ya Alasiri na Magharibi pana saa mbili na ushee. Toa madrasa, toa madumu ya maji, toa lile jua la saa kumi ambalo bado linachoma nyayo. Inabaki saa moja hivi, yaani zile zile dakika 60. Mama mwenye watoto watano akiipanda tuktuk kuufuata uwanja wa mbali, atafika muadhini akikohoa kusafisha koo. Tunachohitaji ni kiwanja kidogo cha mtaani, hatua chache kutoka mlangoni.

Ajali za kila jioni zinathibitisha kwamba hamu ya kucheza ipo tele. Kuna mathenge, mti wa miiba uliopandwa Bura, kusini mwetu, katika miaka ya 1980 ili watu wapate kuni, nao ukaamua kuchukua nchi yote. Kule Baringo wakazi walimpeleka mahakamani, kama ushahidi, mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mti huo. Hapa kwetu mlalamikaji angekuwa mpira. Blada mpya hutoboka kabla ya bao la kwanza, fundi wa pancha akaliziba tundu kwa bei ya tairi, na kipindi cha pili kikachezwa kwa mpira wa matambara ambao mwiba haujui pa kuuanzia. Kisha hupita mbuzi wakirudi nyumbani, wakasimama mbele ya goli bila kuogopa kuotea. Anayepiga shuti kali humwagia mzee chai ya maziwa ya ngamia, na hapo refa huwa ni mzee mwenyewe, bila rufaa. Watoto wanaovumilia yote haya hawahitaji kuhamasishwa kwa semina.

Wazee watasema: sisi tulichunga ngamia tangu alfajiri, nani alitupigia filimbi? Ni kweli, na miguu yao ni ushahidi. Ila mjukuu wao anakaa mjini, na ngamia anayemjua zaidi ni yule wa kwenye kikombe. Wengine watauliza kuhusu wasichana. Swali ni la haki, lakini hijabu si kikwazo tena hata kwa wakubwa wa kandanda: FIFA iliruhusu vilemba na hijabu uwanjani mwaka 2014. Kinachowazuia mabinti zetu ni macho ya barabarani, na ua wa makuti huyaziba kwa gharama ndogo kuliko jukwaa. Humo humo mama naye anaweza kurusha mpira wa wavu na jirani zake bila kuwa habari ya mtaa. Na anayelilia uwanja mkubwa ili vipaji vionekane ajibu kwanza: kipaji kitakua wapi kabla hakijafika huko?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti michezo, bustani, sehemu za burudani na hata fukwe. Ufuo wa mji huu ni wa Mto Tana, na mamba wameukalia bila hati, basi tuanze na hizo nyingine. Waheshimiwa wa kaunti, kabla ya kutuletea ramani ya uwanja, leteni mapanga: ng'oeni mathenge na mizizi yake katika kiwanja kimoja cha kila mtaa, pandeni mwarobaini pembeni, zungusheni ua upande mmoja, na mkiandikishe kwa jina la umma kabla hakijapata mwenyewe. Nanyi wazazi, saa kumi na moja tokeni na watoto. Vikombe vya chai viwekwe nyuma ya goli.