Kijikaratasi cha RB

Kahawa ya Mbozi imeshasifiwa, mchele wa Kyela umeshasifiwa, na parachichi za Rungwe siku hizi zinasifiwa hata na watu wasiozila. Dhahabu yetu ya Chunya ndiyo usiseme: tangu wageni walipofurika Lupa miaka ya 1920 na 1930 wakichekecha mchanga wa mito, haijakosa mpambe hata siku moja. Mimi ninakaa Makongolosi, na ningeweza kumalizia wino wangu kwenye dhahabu kama wenzangu. Lakini kuna kitu ambacho karibu kila nyumba ya mji huu inacho, kwenye droo, katikati ya Biblia au nyuma ya kava la simu, na sijamsikia mtu akifungua mdomo kukishukuru. Ni kijikaratasi cha RB.

Kwa mgeni nitaeleza kidogo. Ukiibiwa, ukipigwa au ukitishiwa panga, unakwenda kituo cha polisi, unasimulia, afande anaandika kwenye kitabu kikubwa, kisha anakupa kipande cha karatasi chenye namba ya yale aliyoyaandika. Hatusemi "nimeripoti". Tunasema "nimechukua RB", kama mtu aliyetoka sokoni, na kweli unatoka na kitu mkononi.

Tazama umbo lake. Upana wa vidole vinne, kimechanwa kwa rula, au kwa mkono pale rula ilipoazimwa na isirudi. Ufupisho wa jina la kituo, mkwaju, RB, mkwaju, namba, mkwaju, mwaka. Chini yake neno moja la kosa: WIZI. Basi. Noti ya shilingi elfu inahitaji picha na uzi wa kung'aa ili iaminike. RB haina picha, mara nyingine haina hata muhuri, na bado hakuna aliyewahi kuiangalia kwenye mwanga kuona kama ni halali. Bei yake ni bure, tangazo limebandikwa ukutani, jirani na lile linalosema dhamana ni bure. Karatasi zikiwa zimeisha kituoni, duka la jirani halikosi, na mwenye duka hukuuliza kwa upole, "Ya RB?" Anajua saizi.

Mimi RB imenifundisha jiografia. Siku moja nilipanda basi Mbeya mjini kurudi Makongolosi nikiwa na pochi, nikashuka nikiwa sina. Ndani mlikuwa na leseni, kadi ya benki, kitambulisho cha NIDA na picha ya marehemu bibi. Nilianza na kituo kimoja ambacho jina lake nitalihifadhi.

"Uliibiwa wapi?"

"Kwenye basi, afande."

"Basi lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa linakwenda."

"Sasa nenda huko lilikokuwa linakwenda. Sisi hapa tunashughulika na vilivyosimama."

Mnaoijua barabara ile mnaelewa ukubwa wa swali. Inapanda kutoka mjini hadi kwenye ukungu ambako abiria hufunga madirisha na kujifunika kanga, kisha inateremka upande wa pili kwenye miombo na joto, na mtu anavua sweta aliloapa kutolivua. Niliibiwa kwenye baridi au kwenye joto? Sikuwahi kuutazama mlima ule kwa makini kama nilivyoutazama siku hiyo kichwani mwangu, kona kwa kona, nikimtafuta mwizi. Katika kituo cha pili, ambacho nacho hakina jina, afande alitaka saa kamili ya tukio. Nikamwambia, "Afande, ningejua kwamba ninaibiwa ningeangalia saa." Alinitazama kwa muda, akaandika: majira ya asubuhi.

Hapo ndipo nilipoanza kukipenda kitabu kile. Fikiria tena: maisha yangu yote serikali imeandika nami nikatia sahihi. Leseni wameandika wao, risiti wameandika wao, fomu za shule za watoto zilikuja zimeshapigwa chapa, mimi nijaze tu kwenye vidoti. Siku hiyo nilizungumza mimi, na mtu mwenye magwanda akainamisha kichwa akaandika. Alikuwa akisimama kati ya sentensi kunisubiri. "Enhe, halafu?" Mke wangu hajaniambia "enhe, halafu" kwa miaka tisa.

Wala hakuandika nilivyosema, alipamba. Nilisema, "Wamenikomba kila kitu." Akaandika kwamba mlalamikaji aliibiwa na mtu au watu asiowafahamu. Kiswahili cha RB kinastahili mwalimu wake. Humo hakuna kitu kinachotokea Makongolosi, hutokea huko maeneo ya Makongolosi. Hakuna saa tano, kuna majira ya saa tano. Mtu wa kawaida hukimbia. Mtuhumiwa hutokomea kusikojulikana. Lile neno nalipenda mno. Kijana amebeba pampu ya watu, yuko Itumbi tangu jana, anakunywa bia mbele ya kijiji kizima na kuwanunulia mashahidi, bodaboda aliyempeleka yumo humu mjini na atakutajia hata nauli. Kitabuni ametokomea kusikojulikana. Nani asingependa kukimbia namna hiyo?

Jambo jingine, RB inampa raia kazi. Unapokabidhiwa huambiwi ukalale. Unaambiwa, "Ukimwona, tupigie." Unatoka pale wewe si mlalamikaji tena, ni nusu mpelelezi, unatembea ukikagua viatu vya watu. Ukimwona ukapiga, pengine gari halina mafuta, nawe kwa kuwa umeshakuwa mwenzao unachangia mafuta. Nchi nyingine watu husoma chuo miaka mitatu ndipo waingie kwenye upelelezi.

Lakini utukufu wake mkubwa hapa kwetu uko kwenye madeni. Makongolosi watu wanakopeshana kwa mdomo. Mfadhili anatoa mchele, dizeli na pampu, vijana wanashuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na siku mawe yakipanda wanagawana viroba na kuvipeleka karashani kusagwa. Halafu kunakucha, viroba sita havipo, na mwenzako naye hayupo. Wakili atakuambia kwamba deni ni shauri la madai, mahali pake ni mahakamani, polisi si wakusanya madeni. Ni kweli kabisa. RB, hata hivyo, haijasoma sheria. Nimemwona mzee mmoja Msukuma, mpole, wa kuuza ng'ombe, akikaa karibu na mdeni wake kwenye kibanda cha chai. Hakusema neno. Alitoa kitambaa, akakifungua pande nne, akaweka mezani kijikaratasi kilichokuwa kimeshageuka rangi ya ugoro. Mwaka ulioandikwa pale ulikuwa na miaka mitatu tangu upite. Mdeni alilipa nusu kabla chai haijapoa, na mzee akakunja karatasi yake kwa ajili ya nusu iliyobaki.

"Nitakuchukulia RB" ni sentensi inayomaliza ugomvi wa ndoa, wa mipaka na wa kuku. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naogopa kesho mtu akisoma haya atakwenda kumchukulia RB mwanawe aliyefeli.

Nisiwasahau ndugu zake. Yupo ripoti ya upotevu, ambayo sote tunaiita losi ripoti, msomi wa familia: amehamia mtandaoni, ukimtaka unajaza maelezo, unapewa kumbukumbu namba, unalipia kwa simu. Cheti chako cha kidato cha nne kikipotea, Baraza la Mitihani halitaangalia machozi yako mpaka uje naye. Na yupo PF3, fomu namba tatu ya polisi, mwenye heshima kuliko wote. Kifusi kikimwangukia mtu, au wawili wakichinjana kwa sababu ya mpaka wa duara, PF3 hutangulia na majeruhi hufuata. Daktari anaijaza, inarudi polisi, na siku ya kesi inasimama mahakamani kama kielelezo. Serikali imesema mara nyingi kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, karatasi ifuate. Yako mapokezi ambayo habari hiyo bado iko njiani.

RB yenyewe ni kichanga. Ikipata mpelelezi na jalada inapewa jina la ukubwani, IR, na namba mpya. Ikibahatika kufika kwa hakimu inaitwa kesi ya jinai. Nyingi hubaki uchangani. Hata hivyo sijaona mama aliyetupa karatasi ya mtoto wake kwa sababu hakukua.

Sasa nije kwenye kile kitabu kikubwa, mzazi wa karatasi zote hizi, maana hapa sifa zangu zinaanza kupata kigugumizi. Kitabu kile kinamwelekea afande. Wewe uliye upande wa pili wa kaunta unakiona kichwa chini miguu juu, na kwa subira ya miaka mingi nimejifunza kusoma hivyo: WIZI WA PIKIPIKI nausoma bila shida, SHAMBULIO nalo, mwandiko wa kike kuliko wa kiume. Lakini omba nakala ya ukurasa, hata wa kwako mwenyewe, uone. "Ya nini?" Si jibu baya, ni swali, na swali halikatiwi rufaa. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: raia anaomba kwa maandishi, ofisi ina siku 30 za kumjibu, na taarifa zinazoweza kuvuruga upelelezi zinaruhusiwa kuzuiwa. Wasweden walipata ya kwao mwaka 1766, miaka 250 kamili kabla yetu, kwa hiyo tusilaumiane kama bado tunaizoea. Marekani mtu anajaza fomu ya idara ya polisi ya jiji na kuletewa orodha ya waliokamatwa, majina na picha, na majirani wanasoma pamoja na kifungua kinywa. Siwaonei wivu sana. Mwanamke aliyekwenda usiku kueleza alivyopigwa hakumwelezea jirani. Na aliyekamatwa Jumamosi akaachiwa Jumatatu kwa kukosewa jina, sisi tulishamjua Jumamosi ileile, bodaboda walitangaza bila fomu.

Ila kuna kitabu cha pili, cha mahabusu, na hicho sina utani nacho. Humo huandikwa nani ameingia, kwa kosa gani, saa ngapi, na ametoka saa ngapi. Sheria inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na bila saa ya kuingia huwezi kuhesabu saa ya kutoka. Mama anayekuja na chapati kwenye mfuko, kuuliza kama mwanawe yumo, anaomba kumbukumbu ya ukamatwaji ingawa haiiti hivyo. Akiambiwa "yumo", analia, kisha anakaa kwenye benchi na kuanza kumpigia simu mjomba wa dhamana. Nimeona kilio hicho na kina raha ndani yake. Akiambiwa "hayumo", anakwenda kituo kingine, kisha kingine, kisha hospitali.

Mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti Novemba 2017, na hadi leo hajaonekana. Mwanaharakati Mdude Nyagali alichukuliwa nyumbani kwake, hapa hapa Mbeya, Mei 2025. Polisi walisema hawamshikilii. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka majina haya katika maandishi ya kuchekesha na sijapata pazuri, lakini sikuweza kumsifia mwenye jina kitabuni nikanyamaza kuhusu ambaye jina lake linatafutwa kurasa zote na halipo. Kuandikwa, hata kwa kalamu inayokwaruza, hata kwa jina lililokosewa herufi, ni ulinzi ambao mtu hauhesabu mpaka aukose.

Pochi yangu ilirudi. Konda aliikuta imebanwa chini ya kiti wiki tatu baadaye, leseni imo, NIDA imo, bibi yumo, fedha zimetokomea kusikojulikana. Nikaona ustaarabu ni kurudi kituoni kusema kwamba mali imepatikana. Afande alikuwa mwingine, kijana, shikamoo yake ya haraka. Nikampa kijikaratasi changu. Akaweka kikombe pembeni, akakivuta kitabu, akalamba kidole, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, nami nimeinama juu ya kaunta nikisoma kichwa chini, WIZI, KUJERUHI, WIZI, MATUSI, moyo ukinidunda kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Alipita ukurasa mmoja, akaurudia, akaufuta kwa kiganja.

"Upo, mzee," akasema. "Umemwagikiwa chai, lakini upo."