Kamati ya Baiskeli

Sisi wa Shirimatunda, Moshi, tumeshakaa vikao vinne kupanga safari ya baiskeli hadi Arusha. Kilomita 80 hivi. Mwenyekiti tunaye, mweka hazina tunaye, na fulana za njano zenye picha ya Kibo zimeshafika. Baiskeli zenye breki ni mbili. Jana tulibishana saa nzima nyama tutakula Boma Ng'ombe au Usa River. Nikathubutu kusema Moshi haifiki mita 1,000 juu ya bahari na Arusha iko kwenye 1,400, maana yake tunapanda. Mwenyekiti akaniambia nisivunje watu moyo.

Kijana wa maziwa akapita na baiskeli yake ya Phoenix, madumu mawili nyuma. "Shikamooni wazee. Bado tu mnapanga?"