Mwenye Gari Halali

Jirani yangu hapa Mombasa ana gari la mbio. Usicheke. Ni Datsun 240Z, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, Shekhar Mehta akiwa usukani ile mara ya pili. Bwana huyu husimulia ushindi huo kana kwamba naye alikuwamo, kajibanza kwenye buti. Mwaka 1973 alikuwa darasa la pili.

Gari lenyewe mbio limeziacha zamani. Upepo wa bahari umelila kuanzia chini ya milango, na fundi wa bodi, mtu mpole, kazi yake ni kupaka puti juu ya puti. Juzi nililibonyeza kwa kidole gumba juu ya gurudumu la nyuma. Kidole kikazama. Nikakichomoa taratibu, nikasifu rangi.

“Sheikh, gari kama hili halizeeki,” akaniambia, huku akifagia vipande vya kutu vilivyoanguka alipofunga mlango.

Injini, kusema kweli, haina neno: silinda 6, kabureta 2. Tabu ni kuzipatanisha hizo kabureta. Moja ikichangamka, mwenzake kanuna. Spea zikifika kutoka ng'ambo, mkewe huambiwa ni vifaa vya kazi.

Mimi nina kigari changu cha mtumba kisicho na historia. Humpita njiani kainamia boneti, nikampungia mkono. Hunitazama kwa huruma.

Jumamosi hii anahitaji wasukumaji wanne. Mwenye nafasi ajitokeze, ila asisukumie kwenye bodi.