Mayai 1,200 Yalipona, Shingo 19 Zikavunjika

Barua ya wazi kwa mkuu wa kampuni iliyonikatia bima ya gari

Karagita,
Naivasha.

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni Yangu ya Bima (jina nimelisitiri),
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

MINT: SHUKRANI KWA KULIPA SHINGO 19 BILA KUNIULIZA

Pokea salamu kutoka ukingoni mwa ziwa. Huku sote hatujambo, isipokuwa shingo.

Barua yako niliipata wiki jana. Imenijulisha kwamba kampuni imemaliza nje ya mahakama madai ya watu 19 walioumia katika ajali yangu, na kwamba kwa sababu ya "historia yangu ya ajali" bima ya mwaka ujao itapanda. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kitako. Nikaona ni utovu wa adabu kunyamaza wakati mtu ananifanyia ukarimu mkubwa namna hii kwa pesa zangu mwenyewe.

Kwa kuwa hukunipigia simu kuniuliza kilichotokea, wala hukumtuma mtu kuliangalia gari, niruhusu nikusimulie sasa, ijapokuwa hela zimeshatoka.

Asubuhi ile nilipakia trei 40 za mayai kwenye Probox yangu, nikashika Barabara ya Moi South Lake kuelekea mjini. Aliyebeba mayai haendeshi gari, analibembeleza. Mbele yangu ilikuwa matatu ya abiria 14. Ilipofika kwenye tuta ikasimama ghafla kumwokota abiria, nami nikachelewa kidogo kukanyaga breki. Bampa yangu ikaibusu bampa yake. Kosa ni langu, silikani. Taa yake moja ya nyuma ikapasuka, nikamtumia dereva pesa ya taa kwa simu hapo hapo, tukapeana mikono.

Kisha nikachungulia dirishani kuwaomba abiria radhi. Walikuwa 9. Nawakumbuka kwa sababu mama mmoja alinijibu, "Pole ni yako wewe, baba. Hebu angalia mayai." Nikafungua mlango wa nyuma. Mayai 1,200, Mheshimiwa, na mawili tu ndiyo yaliyoingia ufa. Mama yule aliyanunua yote mawili kwa bei ya moja, na alipokuwa akirudi garini aligeuka mara tatu kunidai nimpunguzie zaidi. Shingo yake ilikuwa ikizunguka vizuri ajabu.

Tulienda kituo cha polisi tukaandikisha. Kitabu cha OB kinasema hakuna aliyeumia. Abstrakti ya polisi iliyoambatishwa kwenye madai ina majina 19. Sijui karatasi hizi mbili zilikutana wapi zikazaana.

Wiki 11 zikapita. Sheria yetu inampa mtu aliyeumia kwa uzembe wa mwingine miaka 3 ya kufungua kesi, na ni sheria ya haki, maana hata shingo ya kweli inaweza kulala salama ikaamka inauma. Shingo zangu lakini zina nidhamu ya gwaride. Zilisubiri wiki 11, zikaanza kuuma zote siku moja, mbele ya daktari mmoja. Nimezisoma ripoti zake. Zote 19 zinataja maumivu ya shingo, kifua na kiuno, kwa mpangilio huo huo. Zote 19 zina koma moja iliyokaa pasipo pake, na katika zote 19 imekaa hapo hapo.

Mdai wa saba ana umri wa miaka 4. Ripoti inasikitika kwamba hataweza tena kazi nzito za shamba. Mdai wa kumi na mbili ni jirani yangu. Ndiye aliyenisaidia kupakia trei asubuhi ile, akabaki langoni akinipungia mkono. Alivyonipita akatangulia kupanda matatu iliyokuwa mbele yangu, hilo ni la wanasayansi. Ninachojua ni kwamba mkono ule ule alionipungia ndio ambao sasa, kwa mujibu wa daktari, hauinuki kupita bega.

Nilipopiga simu kwenye kitengo chako cha madai, kijana mmoja mwenye heshima alinituliza. "Mzee wangu," akasema, "kupinga kesi ni ghali kuliko kulipa." Akanipigia hesabu: ada ya wakili, daktari wa pili wa kuwapima upya, mashahidi, kuahirishwa kwa kesi mara nne. Shingo moja mmeilipa shilingi 40,000. Kuipinga ingewagharimu zaidi.

Kwa hesabu ya shingo moja, kijana wako yuko sahihi. Kwa hesabu ya soko amepotea njia. Sisi wa huku tunalima, Mheshimiwa, na jambo hili tunalijua bila kwenda chuo. Ukinunua kabeji kila wiki kwa bei ile ile, bila kuuliza zimetoka shamba gani, watu watapanda kabeji hadi kando ya lami. Umeiwekea shingo bei, na kitu chenye bei hulimwa.

Na wakulima wake wapo. Kila stendi inawajua madalali wa ajali. Habari ya bampa kugusana huuzwa kabla vumbi halijatulia. Namba ya gari hupita mikono mitatu. Mmoja hukusanya nakala za vitambulisho, mwingine hutafuta abstrakti, wa tatu hujua ni nani wa kujaza fomu ya P3 na nani wa kuandika ripoti, kisha faili huingia kwa wakili likiwa limeiva. Mwenye shingo huwa wa mwisho kwenye foleni ya kugawana. Juzi nilikutana sokoni na yule mama wa mayai mawili. Alinisalimia kwa furaha. "Walinipa elfu tano, baba, wakasema ni za serikali. Na wewe walikupa ngapi?" Mheshimiwa, ulitoa shilingi 760,000 kwa ajili ya shingo 19. Kwa bahati mbaya sijui zile 35,000 za shingo ya mama huyu ziliteremkia stendi gani.

Usinielewe vibaya. Si Naivasha pekee inayolima zao hili. Marekani, jijini New Orleans, watu walikuwa wakiyagongesha magari yao makusudi kwenye malori makubwa ili wadai fidia, mpaka serikali kuu ikawashtaki makumi ya watu, mawakili wakiwemo. Uingereza nako shingo zilizidi kuuma hadi Bunge likatunga sheria mwaka 2018. Tangu 31 Mei 2021 jeraha dogo la shingo lina kiwango chake maalumu: sheria ilipoanza, maumivu yasiyozidi miezi 3 yalikuwa pauni 240, na kampuni ya bima ikakatazwa kumpa mtu fidia ya shingo kabla ya kupata ushahidi wa daktari. Yaani kule walibaini kwamba mgonjwa wa kwanza kutibiwa si mwenye shingo, ni kampuni yenye haraka ya kulipa.

Hapa kwetu dawa haikosekani. Tangu 2011 kipo kitengo cha polisi cha kuchunguza ulaghai wa bima, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Niliuliza kama ripoti 19 zenye koma moja zilipelekwa huko. Nikaambiwa faili limefungwa, kwa sababu limeshalipwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wewe daftari unalo, ila unaliogopa kulifungua.

Sasa niruhusu niweke kejeli chini kidogo, maana barabara zetu si za mchezo. Usiku wa 10 Desemba 2016, pale Karai kwenye barabara kuu ya Nairobi hadi Nakuru, lori lililobeba kemikali inayowaka lilishindwa kwenye tuta, likayagonga magari mengine na kulipuka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Tuta lilikuwa tuta kama langu, lakini hapakuwa na haja ya dalali kuonyesha nani ameungua. Barabara hiyo hiyo kila mwaka huacha watu waliokatwa miguu, watoto waliofiwa na wazazi wote wawili, vijana ambao kweli hawageuzi shingo. Kwa ajili yao ndipo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, ikamlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya kumfidia mtu atakayemuumiza, hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Ni kapu la pamoja. Anayechota uongo leo anamchotea mwingine aliyeumia kesho.

Na kapu hukauka. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Invesco. Zote zilikuwa na matatu nyingi kwenye vitabu vyake. Sababu za kuanguka kwazo ni nyingi, na sitazibebesha shingo za uongo mzigo wa uongozi mbovu na bima zilizouzwa chini ya gharama. Lakini kampuni ya bima inapozama, huzama na waliokuwa wakisubiri kulipwa. Mtu aliyekatwa mguu hubaki na hukumu ya mahakama mkononi, nzuri, yenye muhuri, isiyonunua hata gongo la kutembelea. Na mwenye gari aliyelipa bima yake kila mwaka huamka asubuhi akamkuta dalali wa mnada anahesabu ng'ombe.

Ndiyo maana nasema shingo ya uongo haimwibii tajiri wa Nairobi. Inamwibia mgonjwa.

Huku ziwani tuna mfano mwingine. Mvuvi aking'atwa na kiboko, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imemwandalia fidia ya hadi shilingi milioni 2 kwa jeraha, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na milioni 5 kwa familia akifa. Wapo walioisubiri miaka na miaka. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini mwenye kovu la meno asubiri hivyo, na mwenye koma alipwe kwa wiki chache. Nimeelewa sasa. Kiboko hajakata bima kwako.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sikuombi unirudishie chochote. Nakuomba mambo machache ambayo hayahitaji kompyuta mpya wala semina ya Mombasa. Kabla ya kulipa, mpigie simu mwenye gari. Linganisha OB na abstrakti. Mtume mtu akaone bampa, kwa sababu chuma hakina jamaa stendini. Hesabu viti, halafu hesabu majina. Najua matatu zetu hubeba watu kupita viti, lakini siku hiyo viti vyenyewe vilikuwa havijajaa. Ukiona ripoti 19 zilizozaliwa pacha, zipeleke kwa wapelelezi. Na angalau kesi moja kwa mwaka, ipinge hadi hukumu hata kama ni hasara, ili stendi nzima isikie kwamba bei ya shingo imeshuka. Ukihitaji shahidi, nipo, na nitakuja na trei ya mayai.

Wala usiiponye kasoro hii kwa kuwashuku wote. Kuna mtu ambaye kesho ataingia ofisini kwako akishikilia shingo yake kwa mikono miwili, hana dalali, hana wakili, ana fomu ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Huyo usimwambie kwamba shingo zimekuwa nyingi. Mwangalie, mchunguze, umlipe upesi.

Bima ya mwaka ujao nimeilipa kwa bei yako mpya, kwa sababu sheria hainiruhusu kutembeza gari bila bima na mayai hayajui kupanda boda boda. Sina kinyongo. Ila siku nitakapomgonga mtu kweli, Mungu apishe mbali, nataka akute kitu kimebaki kwenye kapu.

Wako mtiifu, mwenye shingo nzima hadi wakati wa kuandika,

Muuza Mayai wa Karagita