Joto Limejengewa Nyumba

Kisiwa cha Songo Songo kina vitu viwili ambavyo hakuna mtu timamu anayehangaika kuvizalisha: samaki na joto. Shemeji yangu ameamua kuzalisha vyote viwili, tena uani kwangu.

Alishuka kwenye boti ya kutoka Kilwa Masoko na roli la nailoni begani, mabomba ya plastiki kwapani, na simu iliyojaa video za Wazungu waliovaa makoti. Akasimika nguzo za mvinje, akapinda mabomba juu yake, akavika nailoni. Ndani akaingiza simtanki aliyoikata juu, akamwaga perege. Pembeni akapanga mapipa yaliyopasuliwa nusu, yamejaa kokoto, akapanda mchicha. Pampu huvuta maji ya samaki na kuyamwaga kwenye kokoto. Humo wamo bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa mbolea, mchicha unajilia, maji yanarudi tangini yamesafishika. Kinaitwa kitalu nyumba. Mimi nakiita oveni.

"Shemeji," nilimwambia siku ya kwanza, "samaki yule pale," nikamwonyesha bahari.

"Shemeji, mimi sitafuti samaki. Natafuta mboga."

Hapo alinikata kauli, na nachukia kukatwa kauli na mtu anayelala sebuleni kwangu. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe lililopakwa mchanga. Ukichimba kisima ukapitiliza kidogo, bahari inakuchungulia. Mchicha tunaukula baada ya kuvuka maji, nao ukifika umeshalala usingizi mzito, bei yake ndiyo iko macho. Kusi ikivuma kwa hasira boti hazivuki, na sisi tunakula samaki kwa samaki. Gesi iliyogunduliwa hapa mwaka 1974 ilijengewa njia yake: tangu 2004 inapita kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam. Gesi ina bomba la kutokea, fungu la mchicha halina bomba la kuingilia.

Kwa hiyo sigombani na samaki wala na mapipa. Ufundi huu wa kuzungusha maji yale yale ulikuzwa na watu wa visiwani wenye shida kama zetu. Mtaalamu James Rakocy alianza kuuhangaikia mwaka 1980 kwenye chuo kikuu cha Visiwa vya Virgin, kule Karibi, ambako maji baridi nayo ni ya kuhesabu. Ninachogombana nacho kwanza ni hilo paa.

Nyumba ya nailoni ni dawa ya baridi. Mholanzi anafunika nyanya zake kwa sababu nje kuna theluji. Hapa theluji tunaiona kwenye kalenda. Ikifika saa nne asubuhi, ukiingia mle ndani miwani inafunga ukungu na shati linakuganda mgongoni. Mchicha unajilaza. Maji yakipata moto yanapungukiwa hewa, basi perege wanapanda juu wote, midomo wazi. Shemeji mwenyewe ikishafika saa hiyo haingii. Anasimama nje chini ya mnazi, kwenye upepo, akinielekeza mimi nifungue koki ipi.

Upepo ndio kitu pekee tulichopewa bure mchana, yeye akauziba. Sultani Al-Hasan bin Sulaiman alipojenga Husuni Kubwa pale Kilwa Kisiwani, karne ya 14, alijichimbia birika la pembe nane akaliacha wazi. Dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita mikononi mwake. Angetaka paa, angeliweka.

Haya, tuje kwenye kokoto. Aliziokota nyuma ya nyumba kwa kuwa hazina bei. Zote ni matumbawe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu mwaka 2014 kuhusu ufugaji huu wa kiwango kidogo, na moja ya mambo linayoshauri ni kuyapima mawe kwa siki kabla ya kuyatumia. Siki hatukuwa nayo. Nilichukua kipande cha ndimu kilichobaki kwenye sahani ya mama watoto, nikakikamulia kokoto moja. Ikatoa povu na kuchachatika kiganjani. Hiyo ni chokaa. Inayeyuka polepole, maji yanapoteza uchachu, na mmea hata kama umezungukwa na madini ya chuma hauwezi kuyanyonya. Majani machanga yakageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Bibi jirani akachungulia akauliza, "Mwanangu, mchicha wenu nao una homa ya manjano?"

Shemeji ana jibu: tuagize kokoto nyeusi kutoka bara. Yaani tulipie nauli ya boti mawe yanayokuja kwenye kisiwa cha mawe.

Na chakula cha hao perege? Kinakuja kwenye mfuko. Soma maandishi ya ubavuni: unga wa dagaa umo. Dagaa wanavuliwa baharini, wanasagwa, wanatiwa mfukoni, wanavuka tena bahari kuja kulishwa perege wa Songo Songo, ili mwishowe perege aliwe na mimi, ambaye dagaa nimelishwa tangu sijaota meno.

Kisha kuna pampu, ambayo hailali. Umeme ukikatika usiku, samaki hawasubiri asubuhi. Mwenye mali akiwa amekwenda harusini Kivinje, anayeamshwa ni mimi. Nasimama gizani na kata, nachota maji, nayainua juu ya kichwa, nayamwaga tena tangini ili yachanganyike na hewa. Mama watoto ananimulika na tochi akisema niyainue zaidi. Nawapulizia pumzi samaki ambao ndugu zao huko nje wanapumua bila msaada wa mtu.

Basi nikatoa amri. Mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi wa dagaa hawaendi baharini, maana taa zao haziwavuti dagaa, na pwani utakuta nyavu kuukuu zimerundikwa hazina kazi. Nyavu za dagaa zina tundu dogo: ukizikunja mara mbili zinatoa kivuli, zinazuia panzi na kuku, na upepo unapita. Nailoni ing'oke, nyavu zipande. Shemeji akabisha kwamba kwenye video hakuna hata mmoja aliyefanya hivyo. Nikamuuliza kama kwenye video zake yumo aliyekutana na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Akanyamaza, akaanza kufungua kamba.

Sasa tangi liko kivulini, na mchicha ulioko kwenye pipa la kokoto nyeusi (ndiyo, zilikuja, na nauli nililipa mimi) unaelekea kuchumwa. Nitaula bila kusema asante.

Nailoni nayo imeshapata kazi. Shemeji anasema ataifanyia kichanja cha kukaushia dagaa kwa jua, wakauke bila mchanga wala nzi. Nakiri ni wazo zuri, la kwanza kwake ambalo kweli linahitaji joto. Nimempa baraka zote, kwa sharti moja: akajenge kwa baba mkwe wangu, maana ndiye aliyemzaa.