Mimi Si Raia Mwema

Naomba niseme mapema, na kwa sauti, uchochoro wetu wote hapa Mbagala usikie: mimi si raia mwema. Sijawahi kuwa. Kijana anayekusanya ada ya taka akibisha hodi, namtuma mjukuu akamwambie babu amesafiri. Maji ya kufulia namwaga njiani. Mkutano wa mtaa nilihudhuria mara moja tu, na siku hiyo niliambiwa kuna soda.

Nalazimika kujieleza kwa sababu tangu polisi walipopekua nyumba ya jirani yangu Baba Pacha, watu wananisalimia kwa pembe ya jicho. Kosa ni la koplo. Alisimama katikati ya uwanja akatangaza kwamba wamefika "kufuatia taarifa kutoka kwa raia wema". Akafuta jasho, akaendelea na kazi yake. Hakujua ametuachia balaa gani. Mtaani kwetu tunajuana: wezi wa ndala, wadaiwa sugu, hata anayejiunganishia umeme kabla ya mita. Lakini raia mwema? Hatukuwahi kudhani tunaye. Ikabidi atafutwe.

Ilikuwa Jumanne. Uzee una kazi moja isiyo na mshahara, nayo ni kuamka saa kumi na moja wakati wenye ajira wanakoroma. Nilitoka na kikoi changu na ndoo niwahi bomba kabla maji hayajakatika, nikakuta Land Cruiser imeegeshwa mdomoni mwa uchochoro, taa zimezimwa. Ndani askari sita wamekaa kimya kama wanaosubiri ubwabwa wa msiba. Nikawaambia "habari za alfajiri", wakaitikia kwa adabu. Hawakushuka.

Nilielezwa baadaye na mwenyekiti wa mtaa, mtu ambaye hakosi maelezo, kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, mpaka mahakama itoe ruhusa ya saa nyingine. Hawa ruhusa hiyo hawakuwa nayo. Basi wakawa wanangoja jua.

Sasa wewe waweke askari sita uchochoroni wangoje jua, uone kama kuna atakayebaki kitandani. Robo saa haikupita, mtaa mzima uko nje. Mama wa vitumbua akahamisha jiko lake likakaribia gari. Hadi saa kumi na mbili na nusu beseni lilikuwa tupu, na wateja wake wawili walikuwa askari. Vijana wakapanda juu ya mnara wa tangi na simu zao. Waliotoka kuswali alfajiri wakasimama palepale na misala mabegani. Watoto wa shule wakapata mafua ya ghafla.

Asiyejua alikuwa mmoja tu, na ndiye mwenye nyumba.

Si kwamba hakupigiwa. Alipigiwa sana. Ila usiku ule umeme wake wa LUKU ulikuwa umekwisha, akaileta simu yake kwangu nimchajie. Kwa hiyo kila msamaria aliyejaribu kumwokoa alikuwa ananipigia mimi. Simu inaita mezani, kwenye kioo linatokea "Mteja Kizuiani". Inakatika. "Mteja Rangi Tatu". Inakatika. "Mteja Suti". Nikamuuliza mke wangu nipokee? Akasema, "Upokee umwambie nini, wewe ndiye mwenye mali?" Nikaiacha. Leo hii wapo wanaosema niliificha.

Turudi nyuma kidogo. Zamani Baba Pacha alikuwa na kibanda cha viroba. Serikali ikavipiga marufuku Machi mosi 2017, akabaki anauza barafu na maneno. Baadaye akasema anafuga kuku. Kuku tuliwaona, wawili, na jogoo mmoja wao alikuwa akiwika saa nane mchana. Chakula cha kuku hao kilikuwa mapipa matatu, yamefunikwa kwa magunia, yakichemka yenyewe bila moto, na harufu yake ikipita dirishani kwangu bila hodi. Nilipolalamika, akanijibu, "Mzee wangu, chakula cha kuku kikilala kinachacha." Nikakubali. Utabisha nini, wakati nusu ya wazee wa kijiweni kila jioni wanapitia mlango wa nyuma kwenda kuwajulia hali kuku, na wanarudi wakiwa wamefurahi namna ile?

Lakini kulalamika kule kumeandikwa. Si kwenye daftari; kwenye vichwa vya majirani.

Jua likatoka. Mwenyekiti akafika mbio na muhuri wake kwenye mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019, anakuja kushuhudia marufuku nyingine ikisimamiwa. Hakuna aliyemsema. Mlango ukagongwa mara tatu, akatokea Baba Pacha na bukta, juu kavaa koti zito la mtumba, akifikicha macho. Akatazama askari, akatazama umati, akauliza, "Kuna msiba?"

Koplo akasema anahitaji shahidi, mtu huru, mkazi wa hapahapa. Ungeona watu walivyopata shughuli! Mama wa vitumbua, ambaye hakuwa na kitumbua hata kimoja, akainama kupuliza jiko. Waliotoka kuswali wakakumbuka kwamba bado kuna dua. Na mimi ningepona, kwani nilishajibanza nyuma ya ndoo yangu, kama koplo asingeongeza neno: "Awe mtu anayejua kuandika vizuri."

Hapo ndipo niliponaswa. Nimetunza bohari miaka 27. Nimeandika leja ambazo wakaguzi kutoka makao makuu walizifungua na kuzifunga bila kuuliza swali. Mkono ukanyanyuka wenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

Ukishaamkiwa na mtu mwenye bunduki, na wewe ukaitikia, huna tena pa kukimbilia.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mtambo, na lazima niseme kwamba ulipangwa vizuri. Chombo kikubwa juu ya mafiga, kimefunikwa kwa sinia na kuzibwa kwa udongo pembeni mvuke usitoroke. Sinia limetobolewa, umechomekwa mrija wa shaba, unapita ndani ya beseni la maji ya baridi, na mwisho wake unadondosha kwenye dumu. Tone. Kimya. Tone. Mimi, Baba Pacha, mwenyekiti na askari wote tulisimama tukalisubiri tone linalofuata kama watoto.

Koplo akaanza kuorodhesha. Akaandika: "Madumu ya gongo." Nikamwambia, afande, bohari haiandikwi hivyo. Madumu mangapi? Ya lita ngapi? Yamejaa au yamepunguka? Akanitazama, akanipa kalamu. Nikavaa miwani. Namba moja: madumu saba ya plastiki, rangi ya njano, ya lita ishirini, manne yamejaa, moja nusu, mawili matupu. Namba mbili: mrija wa shaba mmoja, urefu wa hatua mbili, umepinda. Namba tatu: sufuria moja kubwa la kilo ishirini, limeungua kitakoni, lina alama tatu za rangi nyekundu karibu na mshikio.

Nilipoweka nukta ndipo damu iliponiganda.

Lile sufuria lilikuwa letu. Ni afadhali lingekuwa letu. Lilikuwa la kina mama wa kikundi cha mke wangu, waliolinunua kwa michango ya mwaka mzima, na mke wangu ndiye mtunzaji. Mama Pacha alikuja kuliazima mwezi wa maulidi, akasema ni la pilau, atalirudisha kesho yake. Zile alama tatu mke wangu alizipaka mwenyewe kwa rangi ya kucha, ili vyombo visichanganywe kwenye shughuli.

"Mzee," koplo akasema, "umefanya vizuri kuziona hizi alama. Zitakuwa za nini?"

Askari wa kike akasema huenda ni alama ya mtandao.

Nikainua macho nisijibu, na macho yakaenda dirishani. Ng'ambo, mke wangu alikuwa amepanda juu ya benchi, mikono yote miwili imekamata ukingo wa ukuta, anachungulia. Vidole kumi, rangi ileile. Tisa, kimoja kilibanduka. Nilimwona akiliona sufuria. Nikauona mdomo ukianza kufunguka. Miaka 34 ya ndoa sijawahi kumwomba Mungu amnyamazishe nikajibiwa, lakini siku ile nilijibiwa. Vidole vikashuka nyuma ya ukuta, kimoja kimoja, mpaka kile cha mwisho.

"Sijui, afande," nikasema. Ningesema nini? Niseme ni letu, nitoke shahidi niwe mshtakiwa wa pili? Namba nne ilikuwa ngazi ya mbao, kipandio cha tatu kimefungwa kwa waya. Waya nilifunga mimi. Niliiruka, koplo akanionyesha kwa kidole, "Mzee, na ngazi." Nikaiandika, lakini bila kutaja waya.

Tukatia saini: mwenye nyumba, mwenyekiti na muhuri wake, na mimi. Baba Pacha aliisoma orodha yote polepole, mstari kwa mstari, kisha akanitazama.

"Mzee wangu," akasema, "una mwandiko mzuri sana."

Bado nautafakari ule usemi.

Kilichokuwa ndani ya mapipa kilimwagwa mtaroni. Mzee mmoja wa kijiweni alivua kofia. Mjadala uliofuata kwenye kahawa ulichukua wiki nzima, na kila mmoja alikuwa mwanasheria. Mmoja anasema Kenya walihalalisha chang'aa mwaka 2010, ikatakiwa iwe na leseni na iwekwe kwenye chupa. Mwingine anasema Waganda waragi yao inatoka kiwandani na kuuzwa dukani tangu miaka ya 1960, mtu anakunywa akitazamwa na serikali. Sisi bado tuna sheria ya mwaka 1966 inayokataza kutengeneza pombe ya moshi bila leseni, na Baba Pacha leseni yake ilikuwa kuku. Wa tatu, ambaye jicho lake moja halioni, akasema hao mnaowatetea waulizeni wanachanganya nini humo ndani. Kikao kikanyamaza. Kisha wakageuka wote kuniangalia mimi, wakaanza kuzungumzia mpira.

Siku ya tatu Baba Pacha akatoka kwa dhamana. Mlango wa kwanza kubisha ulikuwa wangu.

"Raia mwema," akasema, "nimefuata simu yangu."

Nikamwapia. Nikamwambia ningetaka kukuchoma ningeanza na harufu, miaka miwili iliyopita. Akacheka, akachukua simu, akaomba na chaja.

Tangu hapo nimeitwa mahakamani mara tatu. Mara ya kwanza hakimu alikuwa na udhuru. Mara ya pili koplo alikuwa safarini. Mara ya tatu jalada halikuonekana, lakini sisi tulionekana, tukaambiwa turudi mwezi ujao. Tunakwenda pamoja, mimi na Baba Pacha, daladala moja, kiti kimoja, maana tunatoka uchochoro mmoja na tunaitwa saa moja. Mara hizo zote nauli kalipa yeye, kwa kuwa pensheni yangu nayo inasubiri jalada lake. Kondakta alipomuuliza analipia wangapi, akasema, "Wawili, mimi na shahidi wangu." Kondakta akampongeza kwa kuwa na shahidi mzee anayeaminika.

Yeye kazi imeendelea. Siku hizi anafuga bata. Nimewahesabu: watatu. Mapipa ni matano, kwani bata, kwa maelezo yake, hula kuliko kuku.

Mimi ndiye nisiye na amani. Sufuria liko stoo ya vielelezo na karatasi imefungwa kwenye mshikio, mwandiko ni wangu. Kina mama wameshauliza mara mbili. Ya kwanza mke wangu alisema liko kwa fundi linazibwa. Ya pili alisema fundi amefiwa. Vidole vyake siku hizi havina rangi. Na mwendesha mashtaka alishatuambia kwamba kesi ikiisha, mitambo ya namna hii huombewa amri ya mahakama ikateketezwa.

Jumamosi hii kikundi kina shughuli, wageni mia moja na kitu. Msomaji, kama una sufuria la kilo ishirini na unakaa Mbagala au jirani na hapo, naomba uniazime. Nitakuja kulichukua mwenyewe Ijumaa jioni. Ni la kupikia pilau tu, na Jumapili asubuhi nalirudisha.